Historia ya maji ya Mombasa: kutoka visima vya msikitini hadi bomba la Mzima

Ukimuuliza mtu wa Mombasa maji yake yatoka wapi, atakujibu "mferejini", kama yapo. Kama hayapo, atakwambia yatoka kwa mwenye mkokoteni, kwa boza, au kwenye kisima cha jirani. Ni wachache watakaokwambia kwamba kisiwa hiki hakina mto wala chemchemi, na kwamba karibu kila tone la maji ya bomba tunalotumia latoka kaunti nyingine: Kwale, Taita Taveta au Kilifi.

Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyoanza. Ni historia ya mabomba, lakini haiwezi kusimuliwa kwa kutazama Mombasa peke yake. Kila bomba kubwa lilikuja wakati dunia ya nje ilipokuwa na haja na bandari yetu: reli, vita, meli, dola za kikoloni zikihama huku na huko. Mwenye kujua hilo ataelewa vizuri kwa nini leo kaunti zetu zinavutana juu ya maji.

Kabla ya bomba

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Katika maelezo yake mafupi juu ya kisiwa hiki, hakusahau maji. Alisema misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba penye milango yake palikuwa na visima vifupi, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili. Watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti, wakaosha miguu ndipo wakaingia.

Maelezo hayo yanatufundisha jambo la maumbile ya kisiwa. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya chini na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Mchimba kisima hufikia tabaka hilo la maji matamu bila taabu kubwa. Lakini tabaka hilo ni jembamba. Ukiteka kwa kiasi, kisima hudumu karne nyingi. Ukiteka kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini na kisima huharibika.

Wareno walilijua hilo walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ndani ya ngome kuna kisima, na kuna birika kubwa la kukingia maji ya mvua. Waomani walipoizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, walioangamia kwa njaa na maradhi ndani ya kuta walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Mji uliotegemea kisima na birika ulikuwa na mpaka wa watu unaoweza kuwabeba, na waliokuwa ngomeni waliuona mpaka huo.

Sultani wa Unguja alitangulia

Kabla ya Mombasa kupata bomba, jirani yetu Unguja alikuwa amekwisha kulipata. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliwaua watu wengi sana Unguja na pwani. Daktari Mskochi aliyekuwa huko, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kilichotoka mwaka 1876. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama kipindupindu huletwa na maji au na hewa chafu. Ni mwaka 1883 na 1884 tu ambapo Robert Koch, Mjerumani, alikitambua kijidudu chake huko Misri na India.

Sayyid Barghash alishika ufalme Oktoba 1870, maradhi hayo yakiwa kumbukumbu mbichi. Naye hakuwa mgeni wa mambo ya miji mikubwa. Baada ya kugombania kiti na nduguye Majid, alipelekwa uhamishoni Bombay kuanzia mwaka 1859 hadi 1861, miaka ile ile ambayo Bombay ilianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar. Katika utawala wake, Barghash alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi Mji Mkongwe.

Mombasa nayo ilikuwa chini ya Sultani huyo huyo. Lakini bomba la namna hiyo halikuja huku. Unguja ulikuwa mji mkuu, wenye balozi za Ulaya na biashara ya karafuu. Mombasa ilikuwa mji wa liwali. Hilo ndilo funzo la kwanza la historia hii: maji hufuata makao ya wakubwa na njia ya biashara.

Reli yaleta kiu mpya

Hali iligeuka baada ya mataifa ya Ulaya kukutana Berlin mwaka 1884 na 1885. Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Afrika Mashariki mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Baada tu ya kupanda kutoka pwani, njia ya reli iliingia nyika ya Taru, ambako hakuna mto. Maji ya vibarua yalibidi yabebwe kwa treni kutoka nyuma, na treni ikichelewa, kazi ilisimama.

Watu wachache leo wanakumbuka kwamba garimoshi lilikuwa mnywaji mkubwa wa maji. Injini ya mvuke huchemsha maji ili isukume magurudumu, na maji hayo lazima yawe matamu. Ya chumvi huacha magamba ndani ya chungu cha injini na kukila chuma. Meli za mvuke zina shida hiyo hiyo: zimezungukwa na bahari, lakini vyungu vyake vyahitaji maji ya kisimani au ya mto. Tangu mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, meli za aina hiyo zilizidi kuongezeka katika Bahari ya Hindi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Mombasa ikawa mahali ambapo meli za mvuke na magarimoshi yanakutana, na vyote viwili vina kiu.

Wakati huo huo watu waliongezeka, na vyoo vya shimo viliongezeka pamoja nao. Mwamba ule ule unaopitisha maji matamu hupitisha pia uchafu. Halafu mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kwamba malaria huenezwa na mbu. Kuanzia hapo maafisa wa afya wa koloni walianza kuvitazama visima na mabirika ya miji ya pwani kwa jicho jingine. Kilichokuwa neema ya mtaa sasa kilihesabiwa kuwa nyumba ya mbu.

Marere: bomba la kwanza kubwa

Chemchemi za Marere ziko Shimba Hills, katika Kwale ya leo. Msitu wa vilima hivyo hupata mvua na umande zaidi ya nchi kavu iliyo chini yake, na mchanga wake huyahifadhi maji na kuyatoa polepole. Mahali ni pa juu kuliko Mombasa, kwa hivyo maji yaweza kuteremka.

Mradi wa kuyaleta mjini uliangukia katika miaka migumu. Agosti 1914 vita vikuu vya kwanza vilianza Ulaya, na mwezi Novemba vikafika kwetu: jeshi lililoletwa kwa meli kutoka India lilishindwa na Wajerumani Tanga, na mabaki yake yakaja kushuka Mombasa. Tangu siku hiyo Kilindini ikawa lango la vita vya Afrika Mashariki. Askari, farasi, nyumbu na shehena vilipitia hapa, na maelfu ya wapagazi walisombwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, wengi wao wasirudi. Jina la Kariakoo, linalosikika katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ni ukumbusho wao. Baada ya vita yakaja mafua makubwa ya mwaka 1918.

Kufikia katikati ya miaka ya 1920, maji ya Marere yalikuwa yanafika Mombasa kwa bomba. Wakati huo huo serikali ya koloni ilikuwa inajenga gati za kina kirefu Kilindini, na za kwanza zilianza kazi mwaka 1926. Mambo haya mawili yaende pamoja katika kumbukumbu zetu. Bandari ya kisasa haiwezi kuendeshwa kwa maji ya kisima.

Kwa wenyeji, bomba lilikuwa na sura mbili. Katika mitaa ya wenye uwezo, mfereji uliingia nyumbani. Katika mitaa ya Waafrika wa kawaida, watu walichota maji mahali pa pamoja, na kazi ya kubeba iliendelea kama zamani. Na wale waliokaa kando ya chemchemi na kando ya njia ya bomba hawakupata faida iliyolingana na kilichochukuliwa kwao. Bomba lilipita kwao likielekea mjini.

Vita vya pili na mji uliofurika

Mwezi Julai na Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita vya pili, wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na wa bandarini wakiwa mbele. Malalamiko yao yalikuwa mishahara na nyumba: watu wengi katika vyumba vichache, kodi kubwa, na huduma duni. Serikali iliunda tume kuchunguza. Kwa ufupi, mji ulikuwa umewazidi wenyewe.

Kisha vita vikaongeza mzigo. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na Uingereza ikaona manowari zake hazina usalama Ceylon. Kikosi chake cha Bahari ya Hindi kikahamishia makao Kilindini. Wavunja siri wa jeshi la maji waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, wakifanya kazi ya kusoma ujumbe wa Wajapani. Manowari haiondoki bandarini bila maji ya kunywa, ya kupikia na ya mitambo. Mabaharia nao huoga. Bomba la Marere, lililojengwa kwa mji mdogo, sasa lilitakiwa kuhudumia mji uliofurika pamoja na jeshi.

Vita vilipokwisha, mji haukupungua. Januari 1947 Mombasa iligoma tena, mgomo mkuu uliosimamisha kazi mjini. Mwaka huo huo India ilipata uhuru, na Uingereza ikaanza kutafuta mahali pengine pa kuweka zana zake za kijeshi. Ikachagua Mackinnon Road, nyikani katikati ya Mombasa na Voi, na kuanza kujenga ghala kubwa ambalo baadaye liliachwa. Lakini wazo lenyewe laonyesha jinsi London ilivyoitazama pwani yetu: mahali pa kuhamia wakati kwingine kunapofungwa.

Mzima: maji ya Chyulu yafika baharini

Suluhisho lilitafutwa mbali, kiasi cha kilomita 220 kutoka Mombasa. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haifanyi mito, kwa sababu vilima hivyo ni majivu na mawe ya volkano. Maji huzama, husafiri chini ya ardhi, na kutokea Mzima, ndani ya Tsavo, safi kama kioo. Chemchemi hiyo hutoa takriban lita milioni 200 kwa siku, na maji yake huingia mto Tsavo.

Tsavo ilikuwa imefanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, kwa hivyo mradi ulizua ubishi. Madimbwi ya Mzima yana viboko, mamba na samaki, na walinzi wa mbuga hawakutaka yakaushwe. Njia iliyopatikana ilikuwa kuyachukua maji ndani ya mwamba wa volkano, kabla hayajafika madimbwini, na kuchukua sehemu tu. Hadi leo viboko wako palepale.

Ujenzi ulifanyika katika miaka ya hali ya hatari. Serikali ya koloni ilitangaza hali hiyo Oktoba 1952 kwa ajili ya kupambana na Mau Mau. Katika nchi hiyo hiyo ya Tsavo iliwekwa kambi ya Manyani, ambako maelfu ya watu walizuiliwa. Mwaka 1954 homa ya matumbo ilizuka kambini na kuua wafungwa. Homa hiyo huenezwa na maji na chakula kilichochafuka. Hapo ndipo historia inapouma: katika nyika moja, wahandisi walipanga kuteremsha maji safi kwenda bandarini, na wafungwa wakafa kwa kukosa usafi.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma tena, na Tom Mboya akaingia kati kupatanisha. Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mfereji wa Suez, vita vikafuata, na njia ya meli ikafungwa hadi mwaka uliofuata. Machi 1957 Ghana ilipata uhuru. Kufikia mwaka huo, maji ya Mzima yalikuwa yanafika Mombasa.

Bomba hilo lina sifa moja kubwa: maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Mzima iko juu ya usawa wa bahari kwa mamia ya mita, kwa hivyo maji hayahitaji kusukumwa kwa mashine njia nzima. Lilijengwa kubeba mita za ujazo 35,000 hivi kwa siku, sawa na mitungi 1,750,000 ya lita ishirini. Sensa ya mwaka 1962 iliwahesabu watu wapatao 180,000 Mombasa. Ukiigawa mitungi ile kwa watu hao, kila mmoja angepata mitungi tisa na zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Kwa hesabu hiyo hiyo, kila mmoja hupata mtungi mmoja na nusu, na hapo hatujatoa maji yanayobaki Voi na miji mingine ya njiani, wala yanayovuja.

Maji ya nani?

Miaka ile ya 1950 sheria ya maji ya koloni, Sura 372, iliyaweka maji yote mikononi mwa serikali. Mwenye kuishi kando ya chemchemi hakuwa na neno la mwisho juu yake. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 sheria hiyo iliendelea kutumika hadi mageuzi ya mwaka 2002. Mabomba yalirithiwa, na mpango wa kuyagawa ukarithiwa pamoja nayo.

Visima vya Tiwi na mradi wa Baricho kando ya mto Sabaki vilikuja baadaye kuongeza maji. Baricho ilikua katika miaka ya 1980, muongo ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa maji ya kunywa na usafi duniani. Lakini tofauti na Mzima, maji ya Baricho husukumwa kwa pampu. Umeme ukikatika, au bili isipolipwa, mifereji hukauka kuanzia Malindi hadi Mombasa.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha lugha ya mjadala. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 69 inaitaka serikali ihakikishe faida za maliasili zinagawanywa kwa usawa. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, Taita Taveta imekuwa ikidai sehemu yake ya faida ya Mzima. Wakaazi wa Kwale nao huuliza kwa nini mtu aliye karibu na Marere ateke maji ya bwawa la mifugo. Maswali hayo si ya uchochezi. Yana umri wa miaka mia moja, ila zamani hapakuwa na mahali pa kuyapeleka.

Mombasa nayo ina haki ya kujitetea. Maji yanayoifikia hayafiki nusu ya mahitaji yake, na anayeumia zaidi ni mama wa Likoni au Kisauni anayenunua mtungi kwa bei mara nyingi zaidi ya ile ya mwenye mfereji. Wahenga walisema maji ya kifuuni ni bahari ya chungu. Kwa mama huyo, mtungi mmoja ndio bahari ya siku nzima.

Bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na safari hii hatuna udhuru wa kutojua. Marere ilijengwa kwa mji na bandari. Mzima ilijengwa kwa mji na bandari. Mwache ikianza kazi, kipimo chake cha kwanza kiwe mfereji wa kijiji kilichohamishwa ili maji yapate mahali pa kukaa. Huyo akinywa kwanza, wa Mombasa atakunywa kwa amani.

Miaka ya kukumbuka

1331: Ibn Battuta aona visima penye milango ya misikiti ya Mombasa.
1593: Ngome ya Yesu yaanza kujengwa, ikiwa na kisima na birika ndani.
1869–1870: Suez yafunguliwa, kipindupindu Unguja na pwani, Barghash ashika ufalme.
1896–1901: Reli yajengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu.
1914: Vita vya Tanga; Kilindini yawa lango la jeshi.
Miaka ya 1920: Maji ya Marere yafika Mombasa, gati za kina kirefu zaanza kazi 1926.
1942: Kikosi cha manowari cha Uingereza chahamia Kilindini.
1948: Tsavo yafanywa mbuga ya taifa.
1952–1957: Hali ya hatari, mgogoro wa Suez, na bomba la Mzima.
2010: Katiba yafanya maji kuwa haki ya kila mtu.